Saa Iliyokwenda Sawasawa

Nimewahi kumwonea wivu mtu mmoja tu maishani mwangu, na wivu wenyewe ungetosha kugawiwa watu kumi. Wengine huona wivu kwa sababu ya mke, au shamba, au nyumba ya bati. Mimi niliona wivu kwa sababu ya vidole. Nayasema haya bila kujipamba, kwa kuwa wengi waliokuwapo wameshatangulia mbele ya haki, na waliobaki wanaijua habari hii vizuri kuliko ninavyopenda.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nakaa Mikindani, natengeneza cherehani, taa za chemli na majiko ya mafuta. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha. Kazi iliyonipa heshima ilikuwa nyingine: nilikuwa mtunzaji wa saa ya msikiti wetu. Ilikuwa saa ya ukutani, sanduku la mbao nyeusi, mlango wa kioo, na timazi, ule mzigo mdogo wa shaba unaokwenda huku na huku. Marehemu baba aliitunza kabla yangu na akaniachia ufunguo wake. Kila Ijumaa niliitia ufunguo. Na kila siku jioni nilisimama nje ya msikiti nikatazama jua. Likishatua, niliingia, nikafungua kioo, nikaipeleka mishale yote miwili kwenye kumi na mbili, kisha nikamgusa Maalimu begani. Maalimu wetu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni jua wala mwezi. Nikimgusa, anaadhini. Kwa hiyo msimwone Maalimu tu. Aliyeuambia mji kwamba jua limetua nilikuwa mimi.

Watu walidhani naigeuza mishale kila siku kwa sababu saa ni mbovu. Mbovu ilikuwa, sikatai, lakini baba alinifundisha jambo ambalo wao hawakulijua. "Hata ingekuwa mpya ingetaka kugeuzwa," aliniambia. "Jua halina saa moja ya kutua. Miezi hii linawahi, miezi ile linachelewa, dakika hii na ile, mtu hatambui. Saa yetu inaanza siku jua linapotua, basi lazima ifuatane nalo." Akaniambia nisilitangaze. Fundi akishamwaga yote aliyo nayo, alisema, watu humwona hana kazi. Nikalifungia kifuani.

Saa ikasimama mwaka ule gati la Mtwara lilipokuwa linajengwa na malori ya mradi wa karanga yanapita kutwa kucha. Ulikuwa msimu wa kipupwe, asubuhi za baridi. Mwanzo ilisimama alfajiri na kuamka jua likichomoza, kama mtu mvivu. Nikaitia mafuta. Ikazidi kusimama. Nikaitia mengine. Mwisho nikaifungua, nikashika gurudumu moja kwa koleo nikalisukuma, na jino likakatika. Lilitoa mlio mdogo sana. Nilitazama nyuma kuona kama kuna aliyesikia, na kwa bahati hakuwapo mtu. Nikalifunga sanduku, nikatoka nikamwambia Maalimu kwamba saa imechoka, umri wake umekwisha.

Tukakaa karibu mwaka bila saa. Mimi niliendelea kutazama jua na kumgusa Maalimu bega, na nasema kweli, sikuona pengo lolote. Waliona wengine. Mfanyabiashara mmoja wa korosho alirudi safari ya Mtwara akatuambia, tumekaa barazani baada ya sala, kwamba Chikongola kuna fundi, Mmakonde, aliyejifunza kwenye karakana ya matrekta ya karanga, na kwamba anafufua vyuma vilivyokufa. Alimwona akiirudishia uhai gramafoni iliyokuwa imelala chini ya mvua masika mbili. Watu walisimama kumtazama, alisema, mpaka wakasahau walichotumwa dukani.

"Kuna nini cha kutazama kwa mtu anayefungua skrubu?" nikasema.

"Mtazame kwanza, ndugu yangu," akasema yule mfanyabiashara. "Halafu uje uniambie."

Maalimu akaniita kesho yake. "Mwanangu, ichukue saa uipeleke kwa huyo fundi. Lakini saa hii ni wakfu, na mali ya wakfu haiachwi mikononi mwa mtu asiyepewa amana. Wewe ndiye mwenye amana. Atakapoifungua, ukae nayo. Usiondoke mpaka aifunge."

Ndivyo ilivyokuwa desturi yetu: hata mkeka wa msikiti ukienda kushonwa, ulikwenda na mtu wake. Basi nikahukumiwa kuketi nikimtazama adui yangu akifanya kazi niliyoshindwa. Mke wangu aliifungasha saa ndani ya kanga mbili, akanitazama ninavyoibeba mgongoni. "Bwana, uso huo unakwenda maziko?" Nikamwambia ashike adabu yake. Akacheka.

Meza ya fundi ilikuwa kwenye varanda ya duka la Mhindi pale Chikongola. Alikuwa mwembamba, rika langu, ana nembo za Kimakonde mashavuni, na kofia ya kufuma iliyochakaa. Alikuwa Mwislamu kama sisi, ila mimi nilimhesabia Uislamu wake kuwa mchanga, kana kwamba mwenyewe nilizaliwa nimevaa kanzu. Nikamsalimu, nikafungua kanga, nikamweleza habari ya wakfu.

"Vema sana," akasema. "Nangu napenda kutazamwa na mtu anayejua." Hilo nangu ni mimi kwa Kimakonde, lilimponyoka kila alipofurahi. Akanivutia kasha la mbao, akalipangusa kwa kiganja. "Karibu, fundi mwenzangu."

Mwenzangu! Nilikaa kwenye kasha lile siku nane. Nilikuwa nalala Ufukoni kwa jamaa zangu, na asubuhi nafika varandani kabla yake, maana yeye alikuwa akitembea kutoka Mtawanya, kwenye shamba lake la muhogo. Jamaa zangu walinisifu kwa kuipenda kazi ya msikiti. Sikuwaambia kwamba nimekwenda kumngoja akosee.

Siku ya kwanza hakugusa chombo chochote. Aliitazama tu. Akafungua mlango wake, akaitikisa timazi kwa ncha ya kidole, akainamisha sikio, akangoja. Akaigeuza, akasikiliza tena. Nilidhani anajionyesha kwa watu. Walikuwa wameshakusanyika: wachukuzi wa gatini, wanawake wawili na matenga yao ya muhogo, karani mmoja aliyekuwa na haraka akaacha kuwa na haraka. Mimi nilipofungua saa ile nilianza na bisibisi.

Siku ya pili akaikongoa. Alitandaza kitambaa cheupe, na kila kipande alichokitoa alikiweka mahali pake, kwa mpango uleule kilivyokaa ndani, mpaka saa nzima ikawa imelala juu ya kitambaa, kifudifudi, magurudumu kulia, kamani, ile springi inayoisukuma saa, katikati, skrubu kila moja karibu na tundu lake. Nilipokuwa nikifungua cherehani za watu mimi nilitupia skrubu zote ndani ya kopo moja. Miaka yote ile hakuna aliyenilaumu, na siku ile hakuna aliyenitazama, lakini niliona haya peke yangu.

Kisha akachukua kijiti cha mwanzi alichokichonga ncha kama sindano, akakizungusha ndani ya tundu la bamba la shaba. Kikatoka na uchafu wa rangi ya chai, mzito, unavutika. Akaunusa.

"Mafuta ya nazi haya," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Mmoja wa wachukuzi akauliza kama sisi wa Mikindani tulitaka kuitengeneza saa au kuipika. Fundi hakucheka. "Nazi nzuri kwa wali, nzuri kwa nywele," akasema taratibu. "Kwenye chuma inaganda. Ikija baridi inakuwa kama nta. Saa haikuchoka, ilifungwa miguu."

Mafuta yale niliyatia mimi, na kabla yangu baba. Ukoo wetu mzima umeipaka saa ile nazi kwa mapenzi, na kila tulivyozidi kuipenda ndivyo tulivyozidi kuinyonga. Nilitazama chini. Roho ilikuwa inaniuma, na bado, hili ndilo nisilosahau, nilitaka aendelee. Nilitaka kuona anaitoaje nazi ile. Nilisogeza kasha karibu zaidi.

Aliitoa kwa mafuta ya taa, kwa burashi ya manyoya ya mbuzi, kwa vijiti vya mwanzi, kijiti kimoja kwa tundu moja, anakitupa, anachonga kingine. Shaba aliiosha kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa. Alifanya hivyo siku mbili nzima bila kuharakisha hata pumzi. Nani angefikiri kuosha vyuma ni jambo la kutazamwa? Lakini wachukuzi walirudi kila zamu ilipokwisha, wakauliza amefika wapi, kama watu wanaoulizia hali ya mgonjwa. Nami, aliyekuja kumngoja akosee, nikawa ndiye ninayewajibu. "Amemaliza magurudumu makubwa," nilisema, "sasa yamebaki madogo." Nilijisikia nikiyasema kwa fahari, nikanyamaza kwa hasira.

Siku ya tano akafika kwenye gurudumu lenye pengo. Alilishika mbele ya jua, akaingiza kioo chake cha kukuzia jichoni, akatazama pale jino lilipokatika.

"Hili halikukatika lenyewe," akasema. "Mtu alilisukuma. Alama ya koleo hii hapa."

Watu walisogea waone. Yeye akainua macho, akaniona. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini lazima ulisema kila kitu, kwa sababu aliinamisha kichwa haraka, akalisugua lile gurudumu kwa kidole gumba na kusema, "Au labda nangu sioni vizuri. Chuma kikizeeka hukatika tu."

Alinisitiri mbele za watu, na hapo ndipo nilipoanza kumchukia hasa. Angenitukana ningepumua. Mtu akikuzidi kazi unaweza kusema amebahatika kufundishwa. Akikuzidi na wema pia, umebakiwa na nini?

Jino alilitengeneza hivi. Alikata nafasi kwenye ukingo wa gurudumu kwa msumeno mwembamba kama unywele, nafasi pana chini, nyembamba juu. Akachonga kipande cha shaba kutoka kwenye mpini wa kijiko kibovu, akakipigisha tupa, akakijaribu, kikakataa, akakipigisha tupa mara mbili tu, akakijaribu tena. Alifanya hivyo labda mara thelathini. Tulisikia tupa na pumzi zetu, basi. Halafu kikaingia. Hakukipiga nyundo, kilipita kwa kusukumwa na kidole gumba na kikakaa, na kote varandani watu wakashusha pumzi kwa pamoja. Nami nilishusha. Akalehemu, akachonga umbo la jino, akalipitisha gurudumu kwenye ukucha wake mara nyingi akihisi kama jino jipya litagota. Akanipa. "Hisi na wewe."

Nikalipitisha ukuchani. Sikuweza kusema jino jipya ni lipi. Nilirudia mara tatu nikitafuta kosa, kosa dogo tu la kwenda nalo nyumbani. Nikamrudishia.

Siku ya nane saa ikaanza kutembea pale mezani. Mlio wake haukuwa ule niliouzoea, wa kuburuta mguu. Ulikuwa mwepesi, sawasawa. Mwanamke mmoja wa muhogo alipiga kigelegele. Fundi hakutaka ujira wowote kwa kazi ya msikiti; aliomba dua tu, na akaomba aje mwenyewe Mikindani kuitundika. Ningewezaje kukataa?

Alikuja Ijumaa, wiki chache kabla ya Ramadhani. Msikiti ulijaa. Aliitundika saa, akaipima ukutani kwa uzi na jiwe, na jioni ile nilipotazama jua na kuipeleka mishale kwenye kumi na mbili, ikagonga mara kumi na mbili kwa sauti ambayo wazee walisema hawajaisikia tangu ujana wao. Maalimu alilia. Alimshika fundi mikono yote miwili akaipapasa kidole kwa kidole, kama anayesoma. Mikono yangu alikuwa ameizoea miaka mingi, ikimgusa bega kila jioni, na hakuwahi kuipapasa.

"Inataka nini sasa?" akamwuliza fundi.

"Ufunguo kila Ijumaa, Maalimu, na tone la mafuta haya niliyoleta, mara moja kwa mwaka. Mishale isiguswe. Kuigeuzageuza kila siku ndiko kunakoichosha. Hii sasa inakwenda sawasawa, haitapotea hata dakika."

Maalimu akageukia upande niliokuwapo. "Alhamdulillahi. Basi mwanangu, umepumzika. Hutahangaika tena na jua. Ikigonga kumi na mbili nitaisikia mwenyewe."

Nilipaswa kusema palepale. Maneno yalikuwa mdomoni, yale ya baba: hata ingekuwa mpya ingetaka kugeuzwa. Fundi yule alikuwa mtu wa karakana, amekulia saa za king'ora, kuingia kazini na kutoka, saa zisizojali jua limelala wapi. Hakujua. Maalimu alidhani miaka yote naigeuza kwa ubovu wake. Msikitini mle mtu aliyejua alikuwa mmoja, na mtu huyo alikuwa ametoka kupumzishwa mbele ya mji mzima kwa shukrani na tabasamu. Nikasema, "Inshallah, Maalimu."

Nilijiambia kwamba ni wao waliotaka. Nilijiambia kwamba siku watakapogundua watarudi kwangu kwa unyenyekevu, na yule bwana vidole atajua kuna kitu hakifundishwi kwenye matrekta. Nikawa nasubiri hiyo siku kwa hamu. Kila jioni nilikwenda nyuma ya msikiti nikatazama. Jua kwetu hujificha nyuma ya kilima, hulioni likitua. Baba alinifundisha kutazama minazi ya ng'ambo ya ghuba: mwanga ukiisha kwenye makuti ya juu kabisa, ndipo limetua kweli. Wiki ya kwanza saa na minazi vilikwenda pamoja. Baadaye saa ikawa inagonga na makuti bado yana wekundu. Dakika moja, mbili. Hakuna aliyetambua. Magharibi ikiwahi kidogo, nani atajali?

Kisha Ramadhani ikaingia.

Siku ya kwanza, saa iligonga, Maalimu akaadhini, na mji mzima ukanyoosha mkono kwenye tende. Mimi nilikuwa nyumbani. Mke wangu alikuwa amepika uji wa pilipili manga na muhogo wa nazi, akanisogezea maji. Sikunywa. Nilijua minazi bado ina mwanga.

"Funga imekwisha, bwana," akasema, kinywa kimejaa tende. "Unangoja nini?"

"Namaliza uradi wangu," nikamjibu, nikahesabu moyoni mpaka nikaridhika, ndipo nikanywa. Yeye alishamaliza kikombe.

Mtu atauliza nilijisikiaje kumtazama mke wangu akifungua kabla ya wakati, mwanamke aliyefunga akitwanga na kuteka maji kwenye jua lile. Nilijisikia vibaya. Nilijisikia vibaya kila siku, na kila siku nikasema kesho nitasema. Lakini kusema baada ya siku moja kulitaka nieleze kwa nini sikusema jana. Baada ya siku tano kulitaka maelezo ya siku tano. Na ndani kabisa, chini ya aibu, wivu ulikuwa umekaa umekunja miguu, unaniambia ngoja, hajaumbuka bado.

Siku ya ishirini fundi akaja. Alitembea kutoka Mtawanya akiwa amefunga, na kapu la mabibo makavu mkononi, kwa ajili ya kufuturu nasi na kuiona saa yake. Tukaketi msikitini kwenye mikeka, tende mbele yetu, wanaume hamsini hivi. Yeye walimweka karibu na Maalimu. Saa ikagonga. Aliisikiliza mpaka mlio wa mwisho huku amefumba macho, na alikuwa na furaha ya mtu anayesikia sauti ya mwanawe. Maalimu akaadhini. Tukachukua tende.

Wote wakala. Mimi nilishika yangu. Nilikuwa nimezoea kufanya hivyo pale msikitini, kuinama kidogo kama mwenye kusoma dua, na siku zote hizo hakuna aliyeniona. Lakini yule alikuwa mtu wa kutazama vitu. Alikuwa anatazama mikono. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama mkono, na tende iliyo ndani yake.

"Fundi mwenzangu," akasema, si kwa nguvu, "mbona huli?"

Waliokuwa karibu wakageuka. Na hapo, jamani, sitaficha, ilinijia raha. Wakati wangu ulikuwa umefika bila hata kuuita.

"Siwezi kula," nikasema. "Jua halijatua."

Wakatoka nje, wengine tende bado kinywani, nami nikawaonyesha minazi ya ng'ambo. Makuti ya juu yalikuwa mekundu waziwazi. Tulisimama tukiyatazama yakizimika, na ilichukua muda, muda mrefu kuliko nilivyodhani mwenyewe. Nikawaeleza yote ya baba, kwa sauti ya mwalimu: jua lina kuwahi na kuchelewa, saa yetu yafuata jua, mishale lazima iguswe. Nikamalizia, "Aliyesema isiguswe ni fundi."

Yule mtu hakungoja. Alivua kofia yake mbele ya watu wote. "Kweli, nilisema nangu. Kosa langu, Maalimu. Kule kazini saa ni ya king'ora, sikujua ya kwenu ni ya jua. Nimewaharibia funga yenu. Nisameheni." Kisha akanigeukia mimi, bila chuki hata chembe. "Asante kwa kunifundisha. Ningeomba unifundishe yote."

Hapo raha yangu ikakatika. Nilikuwa nimemngoja mtu huyu aanguke tangu varandani, na ameanguka kwa namna ambayo nilitamani niwe mimi.

Maalimu alikuwa amesimama mlangoni, kashika mwimo. Alisema jina langu. "Leo hukula. Jana ulikula lini?"

Nilikuwa bado sijafuturu. Mtu hasemi uongo amefunga, tena mlangoni mwa msikiti. "Makuti yalipozimika," nikasema.

"Na juzi?"

"Yalipozimika."

"Na siku ya kwanza?"

Nikasema siku ya kwanza pia. Nilisikia mtu nyuma yangu akitema kitu chini, labda kokwa ya tende. Maalimu akatoa hukumu, kwa sauti ileile anayotangazia mwandamo: siku zote ishirini za mji zitalipwa, kila aliyefuata adhana ile, mwanamume na mwanamke, atafunga tena siku hizo baada ya Idi. Saa itageuzwa kila jioni kama zamani. Na ufunguo utabaki kwangu, kwa sababu mimi ndiye ninayejua.

Basi nilishinda. Ufunguo nilibaki nao, na jua likawa langu tena. Kesho yake jioni nilisimama nje nikatazama minazi, nikaingia, nikaigeuza mishale, nikamgusa Maalimu bega. Hakuadhini. Aliuliza msikitini, "Wengine mmeona?" Wanaume watatu wakatoka, wakatazama ng'ambo, wakarudi wakasema ndiyo, ndipo akaadhini. Ikawa hivyo kila siku, mwaka huo na miaka iliyofuata. Fundi alikuja mara kwa mara kutazama saa. Nilimfundisha yote, kama alivyoomba, na alinishukuru kila mara, nami wivu haukunitoka hata siku moja. Jioni ambayo fundi ndiye aliyetazama minazi, hakutoka mtu kuhakikisha.

Mfungo Mosi, baada ya Idi, Mikindani yote ikafunga tena. Mabanda ya uji yalifungwa mchana. Wavuvi walifunga, wachuuzi walifunga, wanawake wenye kunyonyesha wakaahirisha lakini hawakusamehewa. Nilimwambia mke wangu nitafunga naye.

"Ufunge nini?" akasema. "Zako zimetimia."

Adhuhuri akanipakulia wali na samaki, akauweka mkekani, akanimiminia maji ya kunawa. Midomo yake ilikuwa imekauka. Nikamwambia sina njaa. Akasema amepika, nile. Akaketi mbele yangu, mikono mapajani, akanitazama tonge kwa tonge mpaka nikamaliza sahani. Ilikuwa siku ya kwanza. Zilibaki kumi na tisa.